Jichagulieni mahali kando ya maji

Ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, nina ombi. Kabla mwaka huu haujaisha, kila mmoja wetu ajichagulie mahali pamoja kando ya maji, ndani ya misitu tuliyojaliwa, apazoee mpaka apajue kama anavyoijua njia ya kwenda kwao. Sisemi msitu mzima wala mto mzima. Mahali pamoja tu: chini ya mti fulani kwenye ukingo wa bwawa la Minaki, au palipoinuka unapoweza kuutazama Ruvu upande wa Mlandizi.

Tumezoea kuipita misitu hii. Anayetoka Gongo la Mboto kwenda Kisarawe huipita Pugu akiwa amebanwa kwenye daladala, macho kwenye simu. Wa Kibaha huuvuka Ruvu akielekea Chalinze huku akihesabu malori yaliyo mbele yake. Ukituuliza, sote tutasema msitu upo na mto upo. Lakini ni nani kati yetu atakayetambua mvule mmoja ukikatwa leo usiku? Atautambua yule tu aliyewahi kukaa chini yake. Ndiyo maana ninaomba tuwe wengi tuliowahi kukaa.

Nianze na Pugu Kazimzumbwi, ambayo sifichi kwamba naipenda kuliko zote. Hifadhi hii ya mazingira asilia iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ina zaidi ya hekta 7,000, na ni sehemu ya yale mabaki machache ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo bado yanapumua. Kutoka Posta ni kilometa 30 hivi. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU, kwa hiyo vilima hivi vina historia yetu nyingine pia. Leo nazungumzia maji.

Fika Minaki asubuhi, jua likiwa bado la upole. Lipa kiingilio, ingia, kisha tafuta pa kukaa. Mwanzoni hutaona kitu, kwa sababu wenyeji wa pale wamekuona wewe kwanza na wamenyamaza. Vumilia, na simu iache mfukoni. Baada ya muda mdiria atarudi kwenye tawi lake na kuanza kuyakazia macho maji. Kerengende watatanda juu ya matete. Huenda kenge akajiburuta ukingoni asijali kama upo. Ukigeuka nyuma, pale majani makavu yanapochakarika, tulia zaidi: anaweza kuwa sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akifukua wadudu.

Na wapo ambao huenda usiwaone kabisa. Msitu huu ni moja ya makazi machache sana yaliyobaki ya komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliye hatarini kutoweka. Anapatikana Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu vilivyotengana. Ipo pia miti ambayo jina lake la kisayansi limebeba jina la Pugu, kwa kuwa hapa ndipo ilipotambuliwa. Kwenye mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini wanaishi popo kwa maelfu. Jioni hutoka kwa mkupuo, wengine kuwinda wadudu, wengine kutafuta matunda, na hao wa matunda huzitawanya mbegu usiku kucha bila kulipwa na mtu.

Kuna jambo ambalo mkaaji wa kando ya maji hulielewa haraka kuliko msomaji wa vitabu. Mvua ikinyesha msituni, tone hupokelewa na majani, likashukia matandazo yaliyooza, likazama taratibu kwenye mizizi. Maji hayo hutoka baadaye, kidogo kidogo, yakiwa safi. Pakikatwa miti, mvua ileile huupiga udongo mtupu na kuteremka na mchanga kwa fujo. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi vya Pugu na Kisarawe. Unaposikia Jangwani kumefurika na barabara imefungwa, sababu ni nyingi, zikiwemo takataka tunazotupa na nyumba tulizojenga bondeni, lakini mojawapo iko huku juu kwetu. Wakazi wa Dar es Salaam waliopoteza ndugu na nyumba katika mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa nguvu ya maji yasiyo na wa kuyapunguza kasi.

Kibaha nako, Ruvu ndio uhai. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 pale Mlandizi. Maji ya mto huo ndiyo yaliyopanda hadi Kisarawe kupitia Kibamba mwaka 2020, baada ya wananchi kuhangaika kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata mvua zilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka, tukagawana maji kwa zamu. Mto unatoka milima ya Uluguru, ni kweli, na hatuwezi kuamua yote kutoka huku. Kingo zake za hapa kwetu, hata hivyo, ni zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na kila anayepanda bustani mpaka majini anajua anachokifanya. Kadhalika msitu wa Ruvu Kusini, ulioenea Kibaha na Kisarawe pamoja, unageuzwa mkaa mwaka hadi mwaka. Mchoma mkaa ni jirani yetu na ana watoto wa kulisha. Gunia lake tunalinunua sisi. Tukilisema jambo hili, tujitaje na sisi.

Wapo majirani waliotutangulia kuutetea msitu wao. Mwaka 1999 msitu wa Karura, Nairobi, ulikuwa umeshagawiwa kwa watu waliotaka kujenga majumba. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda na miche mikononi, wakapigwa, wakarudi tena. Leo Wakenya wanatembea Karura na watoto wao kando ya mto na maporomoko yake, na likisemwa lolote la kuumega msitu huo wanainuka, kwa kuwa kila mmoja anayo njia yake mle ndani. Sisi tusingoje mpaka tupigwe.

Basi mahali pako pachague kwa moyo wako, si kwa uzuri wa picha. Pawe pafikike, ili uweze kurudi. Mara ya kwanza nenda na mtu mzima wa hapa, Mzaramo au Mkwere, babu au bibi anayejua mti huu unaitwaje na ule ulitibu nini. Maarifa hayo yako vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Uwe na daftari. Walimu wa Minaki, wa shule za Shirika la Elimu Kibaha, na wa shule za msingi zilizopakana na misitu, wapelekeni watoto wasikilize kabla ya kuwapa somo. Kwenye Ruvu msiingie majini wala msikae ukingoni kabisa, kuna mamba. Ulizeni wavuvi pa kusimama. Chupa uliyokuja nayo iondoke na wewe, na ya mwenzako ukiikuta ichukue.

Nenda kiangazi, urudi baada ya masika, uandike maji yamefika wapi na ndege gani wamekuja. Na siku utakayokuta shina limekatwa au tanuri la mkaa linafuka moshi, usiishie kusikitika nyumbani. Mwone mhifadhi au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, umtajie mti ulikuwa mti gani, na ulisimama wapi.