Ganda la risasi lililomfunga mkulima miaka tisa

Mtu akiuawa kijijini, maneno hutangulia polisi. Nani alikuwa na ugomvi naye, nani aliwahi kumtaka mkewe, nani alionekana njiani jioni ile. Miezi ikipita bila mtu kukamatwa, polisi nao huanza kubanwa. Leo tunaitazama kesi ya New Zealand iliyokwenda hivyo, kwa sababu inaonyesha jinsi mtu asiye na hatia anavyoweza kufungwa mara mbili, tena na mahakama iliyofuata taratibu zote.

Juni 1970, katika eneo la wakulima na wafugaji la Pukekawa, kusini mwa jiji la Auckland, Harvey na Jeannette Crewe walitoweka shambani kwao. Siku tano baadaye baba yake Jeannette aliingia ndani akakuta damu, na mtoto wao wa miezi 18 akiwa hai kitandani. Mwili wa mama ulipatikana katika mto Waikato mwezi Agosti, wa baba mwezi Septemba. Wote wawili walipigwa risasi za bunduki ndogo ya .22.

Bunduki za aina hiyo zilijaa mashambani huko. Polisi walikusanya 64 wakazipima. Ya Arthur Allan Thomas, mkulima wa eneo hilohilo, ilikuwa moja kati ya mbili ambazo wataalamu hawakuweza kuziondoa kwenye orodha. Hapo tusimame kidogo. Hakuna aliyesema bunduki yake ndiyo iliyoua. Walisema tu huenda ikawa ndiyo.

Palikuwa pia na maneno ya mtaani. Thomas alimpenda Jeannette walipokuwa vijana, akawahi kumpa zawadi ya burashi na kitana. Mapenzi ya zamani yakageuzwa kuwa sababu ya kuua. Mkewe alisema usiku ule mumewe alikuwa nyumbani, lakini neno la mke mahakamani mara nyingi huonekana jepesi.

Kilichokosekana ni kitu cha kuiunganisha bunduki na nyumba ile. Oktoba 27, zaidi ya miezi minne baada ya mauaji, kikapatikana: ganda la risasi kwenye bustani ya maua ya marehemu. Lilikuwa limetoka katika bunduki ya Thomas, na hilo halikubishaniwa. Lakini bustani hiyo ilikuwa imekwisha kupekuliwa, na bunduki yenyewe ilikuwa mikononi mwa polisi.

Mwaka 1971 baraza la raia 12, ambalo huko ndilo linaloamua hatia, lilimwona Thomas ana hatia, akafungwa maisha. Kesi ikarudiwa mwaka 1973, jibu likawa lilelile. Baada ya hapo vielelezo, ganda hilo likiwemo, vikatupwa jalalani.

Wazazi wake na majirani hawakunyamaza. Walichanga, wakafanya mikutano, wakampata mwandishi wa habari Pat Booth na mwanasayansi Jim Sprott. Sprott alifanya kazi ya subira. Alikusanya maganda mengi ya aina hiyo na kulinganisha herufi zilizogongwa chini yake. Risasi zilizotolewa kwenye miili zilikuwa na alama ya namba 8. Ganda la bustanini lilikuwa la toleo la baadaye, ambalo halikufungwa risasi zenye alama hiyo. Kwa maneno mengine, ganda lile halikuhusika na mauaji hata kidogo.

Desemba 1979, baada ya miaka tisa gerezani, Thomas aliachiwa kwa msamaha. Neno lenyewe linakera: husamehewa aliyekosa. Mwaka 1980 tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji kutoka Australia ilisema wazi kwamba wapelelezi wawili ndio waliolipandikiza ganda bustanini. Thomas alilipwa fidia ya karibu dola 950,000 za New Zealand.

Sheria za Kenya na Tanzania zina mizizi ileile ya Kiingereza: upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha. Ndiyo maana mawakili hubishana sana juu ya utunzaji wa vielelezo. Tukisikia kwamba panga au simu ya marehemu "imepatikana" kwa fulani, maswali ni yaleyale ya Pukekawa. Nani alikiokota, siku gani, mbele ya nani? Mahali hapo palikwisha kupekuliwa? Kabla ya hapo kilikuwa mikononi mwa nani? Ndugu wa mshtakiwa anaweza kumwomba wakili ayaulize. Si kumtukana askari, ni haki ya mshtakiwa.

Hakuna mpelelezi aliyeshtakiwa kwa ganda lile. Na aliyewaua Harvey na Jeannette Crewe hajapatikana hadi leo.