Anayeweweseka wodini si kichaa

Katika wodi za Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, jijini Kampala, anayekesha na mgonjwa mara nyingi ni ndugu yake. Ndiye anayemlisha na kumwogesha. Ndiye pia wa kwanza kuona kwamba mama aliyezungumza vizuri asubuhi, usiku hamtambui mwanawe, anang'oa dripu na kusema na watu wasioonekana.

Wengi hudhani amerogwa au amerukwa na akili. Wapo wanaotaka kumtoa wampeleke kwa mganga au kwenye maombi, na wapo wanaotaka ahamishiwe Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Uamuzi huo unaweza kumuua.

Hali hiyo kitaalamu huitwa deliriamu. Ni ubongo uliolemewa na ugonjwa wa mwili. Chanzo chaweza kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo, nimonia, upungufu wa sukari au oksijeni katika damu, figo kushindwa kazi, baadhi ya dawa, au mnywaji wa waragi kuacha ghafla baada ya kulazwa. Vingi kati ya hivyo hutibika vikiwahiwa. Sukari hupimwa kwa tone moja la damu.

Dalili kuu ni ghafla yake. Deliriamu huanza ndani ya saa au siku chache, hupanda na kushuka, na mara nyingi huzidi usiku. Tena si kila mgonjwa hupiga kelele. Anayesinzia kutwa na kujibu kwa shida husifiwa kuwa ametulia, kumbe naye yumo hatarini.

Itasemwa kwamba wodi zimefurika na wauguzi ni wachache. Ni kweli. Lakini kumwomba mgonjwa ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma hakuhitaji mashine, na kumuuliza ndugu yake, "Amebadilika tangu lini?" hakuchukui hata dakika moja.

Swali hilo liulizwe kila zamu, Mulago, Muhimbili, Kenyatta na katika hospitali za wilaya za ukanda wote. Na siku ya kulazwa, ndugu asiambiwe tu alete shuka na sabuni. Aambiwe pia: akibadilika ghafla, mwite muuguzi hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.