Karatasi ya Mama Mkubwa na Maneno ya Barazani

Mama mkubwa alirudi kutoka kliniki ya sukari na karatasi ya ultrasaundi. Iliandikwa kwamba ini lake limekua kidogo, linang'aa kuliko kawaida, lina mafuta ya daraja la pili. Hajavua baibui, karatasi ilikuwa imeshapita mikono minne pale barazani, na kila mkono uliiongezea tafsiri. Nilikaa nikasikiliza mpaka adhana ya isha. Nayajibu hapa yaliyosemwa kwa sababu nimeyasikia pia ofisini, kwenye daladala, na kwa watu waliosoma kunizidi, na kwa sababu yanawaumiza watu ninaowapenda.

"Ini la mafuta ni la walevi." Hili lilisemwa kwa sauti ya chini, na mama mkubwa, ambaye hajaonja pombe maishani mwake, akainamisha kichwa. Nalitanguliza kwa sababu limebeba aibu isiyo yake. Pombe huleta mafuta kwenye ini, ni kweli. Lakini ugonjwa sugu wa ini uliowapata watu wengi zaidi duniani leo ni huu unaokwenda sambamba na unene wa tumbo, kisukari cha ukubwani na presha. Mwili ukishakuwa mgumu kuitikia insulini, mafuta yaliyokosa nafasi chini ya ngozi humiminika kwenye ini, na ini lenyewe huzidi kugeuza sukari kuwa mafuta. Mwaka 2023 vyama vya mabingwa wa ini viliubadilisha jina ugonjwa huu, vikaufunga na uchakataji wa chakula mwilini badala ya kuutaja kwa kuupima dhidi ya pombe. Sababu mojawapo ilikuwa jina la zamani kuwatia wagonjwa unyonge. Mabingwa wenyewe wamelisahihisha neno lao. Baraza nalo linaweza.

"Daraja la pili kati ya matatu, bado hujafika pabaya." Hapo akadakia shemeji: "Mimi ya kwangu ilitoka safi kabisa." Wote wawili walikuwa wanasoma karatasi kama ripoti ya shule. Na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kosa kubwa lilipo.

Anayepiga ultrasaundi hulinganisha ini na figo ya kulia, ambayo imelala jirani yake. Ini lenye mafuta hurudisha mawimbi mengi ya sauti, kwa hiyo huonekana jeupe kuliko figo. Madaraja yale matatu ni madaraja ya weupe huo. Hayasemi lolote kuhusu kinachoua, yaani kovu. Mafuta yakikaa muda mrefu huweza kuchokoza ini, uchokozi ukaacha makovu, makovu yakaungana hadi ini likakakamaa na kusinyaa. Mtu wa daraja la tatu anaweza asiwe na kovu, na mtu wa daraja la kwanza akawa nalo tayari. Tena kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alijue: makovu yanapokomaa, mafuta yenyewe huweza kupungua, picha ikaanza kuonekana nafuu wakati ini linazidi kuharibika.

Kuhusu picha safi ya shemeji: ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale yanapozidi takriban asilimia 5 ya seli zake, lakini ultrasaundi ya kawaida huyaona vizuri yakishavuka asilimia 20 hivi. Katikati hapo pana nafasi kubwa ya kupitwa. Shemeji ana kitambi, ana sukari ya mpakani, na analala akikoroma mpaka nyumba ya pili. Karatasi yake safi haikumjibu swali lake.

Linalojibu huanza na damu, si picha. Kuna hesabu iitwayo FIB-4, inayotumia vitu vinne: umri, vimeng'enya viwili vya ini, na idadi ya chembe sahani. Jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Likivuka 2.67, mgonjwa apelekwe kwa bingwa. Walio katikati hupimwa ugumu wa ini kwa kifaa kinachogonga ubavu taratibu na kupima kasi ya wimbi linalopita ndani. Wimbi hukimbia zaidi kwenye ini gumu. Matokeo husomwa kwa kilopaskali, na chini ya 8 mtu kwa kawaida hupumua. Kipimo hiki hakiuma na hakina mionzi.

"Asafishe ini kwa juisi, asile wiki mbili, mafuta yote yatoke." Aliyesema hivi alisema kwa mapenzi, najua. Lakini ini halina uchafu wa kusuuzwa kama sufuria, na mwenye sukari anayemeza dawa akiacha kula ghafla anaweza kuanguka. Lipo na la pili: anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki hujiongezea hatari ya vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, kwani lehemu humwagika kwenye nyongo huku mfuko ukiwa haukamui kwa kukosa chakula. Vijiwe hivyo ultrasaundi huviona vizuri mno, kuliko siti skani, ambayo huvikosa baadhi yake. Njia inayofanya kazi ni ya polepole. Kupungua asilimia 5 ya uzito huanza kuondoa mafuta kwenye ini. Kufikia asilimia 7 mpaka 10, uchokozi wenyewe hutulia. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 10 ni kilo 9 kwa mwaka, si kwa mwezi wa Ramadhani.

"Unene ni unene." La hasha. Mafuta ya mapajani hayana ukali wa yale yaliyozunguka utumbo. Wajapani waliliona hili kwa siti skani ya usawa wa kitovu, na tangu 2008 taifa lao hupima viuno vya watu wa miaka 40 hadi 74. Lakini wewe huhitaji siti skani. Utepe wa fundi cherehani unatosha: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Mzee mmoja aligeuzia maneno kwenye goti lake: "Eksirei imesema goti limekwisha, nimebaki kungoja kufa nalo." Nilimuuliza alipigwaje. Amelala, akasema. Eksirei haioni gegedu. Huona mwanya kati ya mifupa, na mwanya huo mtu akilala hupanuka kuliko akisimama na uzito wake. Goti lipigwe mtu akiwa amesimama. Na hata likipigwa vizuri, picha na maumivu hayaendi pamoja daima: wapo wenye picha mbaya wanaopanda ngazi bila kulalamika. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni hiki: kila kilo moja inayopungua huondoa takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Mzee ana hatua nyingi kutoka nyumbani hadi msikitini.

Dai lililonikera kuliko yote lilimhusu binti wa nyumba ya jirani, miaka 26, mnene, anayeumwa kichwa tangu mwezi uliopita. "Apungue tu, kichwa kitaacha." Nikamwita pembeni. Masikio yanavuma kwa mapigo ya moyo? Ndiyo. Ukiinama macho yanaingia giza sekunde chache? Ndiyo. Hali ya shinikizo la maji ya ubongo kupanda bila uvimbe wowote huwapata hasa wanawake vijana wanene, na ikipuuzwa huweza kupofusha. Daktari wa macho huangalia kama neva ya jicho imevimba. Kisha MRI pamoja na picha ya vena za kichwani, ili kuondoa shaka ya uvimbe au damu iliyoganda. Ndipo shinikizo hupimwa kwa sindano ya mgongoni. Kupungua uzito ni sehemu ya tiba, kweli, lakini kumwambia mtu apungue kabla hajaangaliwa macho ni kumtelekeza. Nilimwambia kesho asubuhi, si wiki ijayo.

"Mashine hazitaki watu wanene." Ukweli wake ni nusu. Mafuta hunyonya na kutawanya mawimbi ya sauti, hivyo ultrasaundi ndiyo inayosumbuka zaidi. Vitanda vya siti skani vina kikomo cha uzito, na tundu la MRI nyingi za zamani lina upana wa sentimita 60 tu. Hilo ni tatizo la chombo. Mgonjwa aulizie vipimo vya mashine kabla ya kusafiri, na karatasi ikiandikwa "picha haikuonekana vizuri", aelewe kwamba swali lake bado halijajibiwa.

Mwishoni kijana mmoja akatoa kikasha cha kushika kiganjani kinachochapisha hali ya ini, figo na moyo kwa dakika mbili. Picha ya ndani ya mwili huhitaji kitu kipite mwilini: mionzi, sauti, au sumaku yenye nguvu. Kiganja hakina habari za ini. Nilimwomba akirudishe mfukoni.

Wiki iliyofuata mama mkubwa alipima damu. Ana miaka 58, na hesabu yake ilitoka 1.9. Amepewa tarehe ya kupimwa ugumu wa ini, na ameambiwa akae saa tatu bila kula. Karatasi mpya ameikunja ndani ya kitabu cha kliniki, kitabu ameweka mkobani, na mkoba amelala nao.