Hesabu ni lazima, sasa ngoma iko wapi?

Jamani wadau, Aprili 2025 Wizara ya Elimu ya Kenya iligeuza kauli: hesabu ni lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, hata anayechagua mkondo wa sanaa na michezo. Gredi ya 10 wakaanza Januari 2026. Mimi sipingi. Wasiwasi wangu ni itafundishwaje.

Niliichukia hesabu pale ubaoni. Ukikosa unakula kiboko, na darasa zima linacheka. (Viboko vilipigwa marufuku 2001, kicheko bado.)

Sasa cheki hii. Gawa darasa mara mbili. Wote wanahesabu kwa sauti. Kundi moja linapiga kofi kila baada ya 4, jingine linakanyaga mguu kila baada ya 6. Kofi na mguu vinakutana kwenye 12, halafu 24. Hiyo ndiyo LCM, kigawe kidogo cha shirika, na hakuna aliyeshika kalamu! Wanaotaka kuzidisha tu 4 kwa 6 watabisha kwamba ni 24, lakini miguu yao imeshawaumbua. Kisha wachore mdundo huo kwenye karatasi ya miraba kwa rangi mbili, linatoka pambo kama la mkeka. Hakuna maksi. Aliyepotea anadaka mdundo unaofuata.

Haidai bajeti. Ila mtihani haupimi makofi, kwa hiyo mwalimu anayebanwa na silabasi atarudi ubaoni fasta. Hapo ndipo wizara haijanishawishi.

Wewe wa gredi ya 10, mwalimu wa hesabu ameshawahi kuwasimamisha mcheze?