Usianze na Ree

Kijiweni kwetu Manzese, ukishika ree ukachelewa kuipiga, utaitwa mwoga. "Piga bwana, unaiweka benki?" Tumekua hivyo: karata kubwa ni ya kutangulia, kishindo mezani, makofi. Leo nasema huo ni mchezo mbaya, na ubaya wake hauishii kijiweni.

Nililiona hilo chuoni, wenzangu waliponifundisha briji, mchezo ambao kanuni zake za sasa zilisukwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925. Mnacheza wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu na karata 13. Upande unaoshinda mnada ndio unaoendesha mchezo: mmoja anatandaza karata zake wazi mezani na kunyamaza, mwenzake anacheza mikono yote miwili. Sharti ni kwamba mkono uliokula mzunguko huu ndio unaoanzisha unaofuata. Ukitaka kuanzia mezani, lazima uwe na njia ya kuvukia huko.

Sasa tazama. Mezani kuna pau tano: ree, mfalme, 7, 6 na 4. Mkononi una pau tatu: 8, 5 na 3. Hakuna turufu, na mezani hakuna karata nyingine ya kula. Wapinzani wana pau tano zilizobaki. Kwa asilimia 68 hivi zitakuwa zimegawanyika tatu kwa mbili. Mtu wa kijiweni anapiga ree, kisha mfalme. Makofi. Mzunguko wa tatu wapinzani wanakula, na sasa pau mbili zilizobaki mezani hazina wa kuzishinda. Lakini mkononi hana tena pau ya kumvusha. Zinaozea mezani, watu wote wanne wakiziangalia.

Anayejua anaanza kwa kupoteza. Anatoa 3 mkononi na 4 mezani, wapinzani wanakula. Zamu ikirudi mkononi mwake, anavuka kwa ree, anafuatisha mfalme, pau za wapinzani zinaisha, na 7 na 6 zinakula bila bughudha. Karata ni zilezile, ila amekula mizunguko minne badala ya miwili, kwa sababu alilipa mapema, wakati njia bado ipo.

Nyumbani kwetu ree nilikuwa mimi. Nilipata daraja la kwanza kidato cha sita na mtaa mzima ukajua. Dada yangu alikuwa fundi cherehani, kibarazani, na kila Januari sare za shule zilimkesha. Ada yangu ilipopungua, cherehani ikauzwa. Hakuna aliyebisha, mimi wa kwanza. "Nenda mdogo wangu," alisema, "ukimaliza utaninunulia mbili." Nilienda. Leo niko shahada ya uzamili na sijanunua hata moja. Dada bado ni fundi yuleyule, wateja bado wanamuulizia. Uwezo wake uko wazi mezani, sote tunauona, na njia ya kuufikia tuliitumia kunivusha mimi.

Najua nitakachojibiwa: maskini hana anasa ya kupoteza mzunguko wa kwanza. Ni hoja nzito, na briji yenyewe inaikubali. Kama kupoteza mzunguko mmoja tu kunakuangusha, piga ree na mfalme, umwombe Mungu. Lakini hesabu kwanza. Sisi hatukuhesabu. Ningeweza kuahirisha mwaka mmoja, nikabeba magunia sokoni Tandale, jioni nikamshonea dada vifungo, cherehani ikabaki pale pale kibarazani. Mtaa ungenicheka. Tuliogopa kuchekwa, kisha woga ule tukaupa jina zuri, tukauita kujitoa kwa ajili ya elimu.

Ndiyo maana siwaamini wahamasishaji wanaopanda jukwaani kutuambia tukamate kila fursa inayopita. Hawaulizi fursa hiyo imelipiwa na nani, wala ukishaikamata unarudije kwa waliobaki. Wanahesabu ree tu, na wanaondoka kabla ya mzunguko wa tatu.

Mwisho wa wiki nikirudi nyumbani nashuka kwenye mwendokasi, navuka kwa daraja la waenda kwa miguu juu ya Barabara ya Morogoro. Kiswahili kimelipa daraja hili na lile la cheti changu jina moja. Hili la barabarani linapitika kwenda na kurudi. Lile la cheti nimelipita mara moja tu.

Kwa hiyo wewe uliyepata barua ya udahili mwaka huu, ukiona nyumbani wameanza kuangalia cha kuuza, waulize: hiki kikishauzwa, tutarudi kwa kupitia nini? Wakikosa jibu, na kama mwaka mmoja hauwaui, kaa huo mwaka. Acha kijiwe kiseme umelala.