Ushahidi wetu usifie ndani ya simu

Vijana wenzetu,

Kila siku tunapiga picha: barabara zilizobomoka, bomba zisizotoa maji, risiti za kodi ambayo mutu anajiuliza inaendaka wapi. Picha zinabaki ku simu. Siku simu inaibiwa, inaanguka ndani ya maji ao inanyanganywa, ushahidi umekwisha. Tunabaki na mudomo tu.

Wengine wanasema: “Nilishatuma ku WhatsApp.” Haitoshi. Picha ya kawaida ikipita pale inapunguzwa, na habari zake za ndani zinafutwa: tarehe, saa, fasi ilipopigwa. Mutu akikatalia maneno yako, faili ya kwanza ndiyo itakusemea.

Wengine: “Sina mega.” Mega za nini? Zima data, washa hotispoti ya simu, unganisha kompyuta kwa ile wifi. Simu na kompyuta zitasemezana moja kwa moja, bila intaneti. Ku simu, fungua programu ya seva ya FTP; simu zingine ziko nayo tayari ndani ya programu ya mafaili. Itakuonyesha anwani, kwa mufano ftp://192.168.43.1:2121. Iandike juu ya dirisha la mafaili ya Windows, si ndani ya Chrome wala Firefox: zote mbili ziliondoa FTP mwaka 2021. Folda za simu zitafunguka. Ingia DCIM, nakili picha na video vile ziko.

Lakini tuchunge. FTP haifichi kitu: neno la siri na mafaili vinapita wazi. Kwa hiyo hapana kuitumia ku wifi ya hoteli ao ya chuo. Weka neno la siri, na ukimaliza zima seva. Kama unaweza, chagua SFTP ao KDE Connect, zenyewe zinafunga mawasiliano. Na kompyuta ya kulipia kwa saa si yako: chenye umenakili pale, mwingine atakiona.

Tunaomba hivi: kila kikundi cha kartiye kitafute kompyuta moja ya kuaminika na siku moja ya juma ya kutoa mafaili ku simu. Nakili mbili, fasi mbili. Siye wenye diploma bila kazi, muda tuko nao: tufundishe wenzetu. Kazi hii haiombi makuta. Inaomba tuanze juma hili.