MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Nyumba Yenye Magurudumu

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twapenda kuwapa habari za safari, wala si safari ya mtu mmoja, bali ya jamaa nzima: sisi wazazi wawili, watoto wetu watatu, na mama yetu mzee, ambaye watoto humwita Bibi. Tulitoka hapa Ijumbi katika likizo ya Desemba ya mwaka 2025, tukaenda Mwanza kwa njia ya nchi kavu, tukarudi siku ya tano. Wengi wametuuliza habari za gari lile lililosimama mbele ya migomba yetu, na wengine walidhani tumenunua duka la kutembeza. Basi, na tuwaeleze.

Gari lile ni nyumba ndogo. Ndani mna kitanda, jiko dogo la gesi, pipa la maji na kabati la vyombo. Juu ya paa pamefungwa hema la kukunja, nalo hupandwa kwa ngazi. Kule Kampala, Nairobi na Arusha magari ya namna hii hukodishwa kwa wageni waendao kutazama wanyama. Sisi hatukwenda kutazama wanyama. Tulilikodi kwa mtu mmoja kwa sababu Bibi, kwa ugonjwa wa magoti, hawezi kuketi ndani ya basi mchana kutwa, na safari yenyewe ilikuwa yake.

Wazee mwakumbuka tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka asubuhi karibu na Mwanza. Ilitengenezwa kwa abiria 430, walakini waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Ndugu yake Bibi, mdogo wake wa tumbo moja, alipanda Kemondo na mikungu yake ya ndizi. Hakuonekana tena. Wengi wa waliotolewa majini walizikwa Igoma, huko Mwanza. Tangu siku ile Bibi hakupanda chombo chochote cha majini, hata mtumbwi, na kwa miaka 29 hakufika Igoma. Mwaka huu alisema, "Daraja limekwisha. Nipelekeni."

Siku ya kwanza tulipita Muleba, tukafika upande wa Kyamyorwa, na hapo tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lilikuwapo, jeki haikuwapo. Baba wa nyumba alikasirika, akamlaumu mwenye gari kwa maneno mengi. Ni kweli, mwenye gari alikosa. Lakini na sisi tulitia sahihi karatasi yake bila kufungua sanduku la vyombo, maana tulikuwa tunashangaa hema. Tulikaa kando ya njia saa mbili katika manyunyu, hata dereva mmoja wa lori akasimama, akatoa jeki yake. Alikataa fedha. Bibi akafungua kifurushi chake akampa kahawa ya kutafuna, kama desturi ya kwetu kumpa mgeni, na hiyo aliipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, ninyi mtakaokodi gari la namna hii, fanyeni hivi kabla ya kulipa: itazameni jeki na spana kwa macho yenu, jaribuni breki na taa, someni bima, mjue ni nani alipaye gari likiharibika njiani, washeni jiko, kisha fungeni gesi na kunusa, tena fungueni hema na kulikunja wenyewe mara moja. Gari hilo ni zito juu, haifai kulikimbiza penye kona. Wala msipikie ndani huku milango na madirisha yamefungwa, maana hewa ya moto huua mtu naye hana habari.

Usiku ule tulilala katika wilaya ya Chato. Hatukusimama porini. Tulipiga hodi kwa mwalimu mmoja, naye akaturuhusu kuegesha katika uwanja wake, akatuonyesha choo na kisima. Bibi alilala kitandani pamoja na binti yetu mdogo, mama wa nyumba akatandika mkeka miguuni pao. Baba na watoto wawili wakalala juu, hemani.

Hapo tulijifunza jambo. Katika nyumba ya vyumba vinne ugomvi huweza kujificha. Katika nyumba yenye magurudumu hauna pa kujificha. Watoto walipokuwa wamelala, au ndivyo tulivyodhani, sisi wawili tulisimama kando ya gari tukinong'onezana juu ya fedha: kodi ya gari, mafuta, tairi jipya, na ada ya mwezi wa Januari. Minong'ono ikawa maneno makali. Asubuhi mwana wetu wa miaka tisa hakunywa chai. Tukamwuliza kama anaumwa. Akajibu, "Siumwi. Nisipokula, fedha hazitakwisha." Tuliona haya sana. Tulichukua daftari, tukaandika hesabu mbele ya watoto wote, tukawaonyesha kwamba ada imewekwa mbali wala haitaguswa. Ndipo mtoto akanywa vikombe viwili.

Siku ya pili tulipita Geita na Sengerema, tukafika Busisi. Zamani hapo watu walingoja kivuko, pengine kwa saa nyingi. Sasa lipo Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lenye urefu wa kilometa 3, lavuka ghuba ya Mwanza hadi Kigongo. Bibi alipoyaona maji alisema, "Simameni." Tukatoka barabarani, tukasimama. Hakuna aliyemharakisha. Alitazama muda mrefu, kisha akamwuliza binti yetu mkubwa, asomaye sekondari, "Hilo limeshikwa na nini?" Binti akamweleza habari za nguzo zilizoshindiliwa mpaka chini ya matope, na kamba za chuma zilizofungwa katika minara mitatu. Bibi akasema, "Basi twende, lakini polepole."

Kuvuka ni dakika chache tu. Katikati ya daraja, macho yake yakiwa mbele, Bibi alisema neno ambalo hatukupata kulisikia miaka yote ile: "Yeye alitaka kwenda kwa gari. Mimi nilimwambia, njia ni mbaya, panda meli ulale." Hatukujua la kumjibu. Mtoto mdogo, asiyefahamu maana yake, alimshika mkono, naye Bibi hakuuachia mpaka Kigongo.

Igoma tulikaa asubuhi nzima. Hakuna ajuaye kama ndugu yake yumo katika makaburi yale. Bibi alizunguka na fimbo yake, akasali, akamwaga punje chache za kahawa juu ya majani, akasema, "Waitu, nimechelewa." Kisha akaomba chakula. Tukapika ndizi na maharage kando ya gari, naye akala kushinda siku zote za safari.

Wasomaji wetu, gari lile tumelirudisha, na fedha zilizotumika hazitarudi. Walakini sasa Bibi humtaja ndugu yake jioni kwa jioni, jinsi alivyokuwa hodari wa kuimba na mvivu wa kupalilia, na watoto humcheka kana kwamba walimwona. Hata sisi, tukitaka kusema habari za fedha, twafungua daftari mezani, mlango ukiwa wazi. Mwenye mzee nyumbani na amwulize kama liko mahali atamanipo kufika. Si lazima kukodi nyumba yenye magurudumu. Basi latosha, na pengine baiskeli. Lakini na amwulize mapema.